KIZUNGUZUNGU NA JASHO LA GHAFLA SHAMBANI

Wakulima wa pamba wa Shinyanga na Geita, fahamuni ya kuwa mtu akishikwa ghafla na kizunguzungu, jasho jingi, na kujiona kana kwamba hayupo hapo alipo, sababu si moja.

1. Dawa ya wadudu. Baadhi ya dawa za pamba hupenya ngozi. Dalili zake ni mate mengi, mboni za macho kuwa ndogo, na misuli kutetemeka. Mtoeni shambani, mvueni nguo, mwosheni kwa sabuni na maji mengi. Msimtapishe. Mpelekeni hospitali upesi, pamoja na chupa ya dawa ile.

2. Jua kali. Mlazeni kivulini, mmwagieni maji mwilini, mnywesheni kidogo kidogo. Akianza kupayuka, hospitali mara moja.

3. Njaa, hasa kwa mgonjwa wa kisukari atumiaye dawa. Akiweza kumeza, mpeni maji ya sukari.

4. Malaria. Damu ipimwe.

Hofu nayo yaweza kuleta hali hii. Lakini msiseme ni hofu, wala msitafute mchawi, kabla ya kuyachunguza hayo manne.

Nyunyizeni dawa asubuhi, mkiwa mmekula na kuvaa nguo za kufunika mwili, upepo ukiwa umetulia. Chupa tupu ya dawa isitiwe maji ya kunywa kamwe.