Maji ya Mvua Machimboni na Haki ya Kutumia Maji

Machimbo ya mawe ni mfano wa beseni. Kadiri wachimbaji wanavyokwenda chini, ndivyo kina chake kinavyoongezeka, na mvua ya masika haina budi kulijaza. Wachimbaji wa mawe ya chokaa huko Kunduchi, Dar es Salaam, wanalijua jambo hili kwa mikono yao. Shimo likiachwa na maji, kazi husimama, mbu huzaliana, na mtoto wa jirani aweza kuzama.

Hesabu yake si ngumu. Milimita moja ya mvua juu ya mita mraba moja ni lita moja ya maji. Basi machimbo ya hekta moja yakinyeshewa milimita 50, hupokea lita 500,000. Hayo ni yale yaliyoanguka ndani tu. Yanayoteremka kutoka mteremko wa juu yaweza kuzidi hayo, nayo ndiyo rahisi kuyazuia: mtaro na tuta juu ya ukingo wa machimbo huyapitisha kando yakiwa bado safi, hadi kwenye mkondo wake wa asili. Yasielekezwe katika shamba la mtu. Chama kinachonunua pampu kabla ya kuchimba mtaro hulipia mafuta ya kutoa maji ambayo hayakupaswa kuingia.

Maji yaliyokwisha kuingia ni jambo jingine, kwa kuwa yamechanganyika na vumbi la mawe na pengine mafuta ya mashine. Hayo yapitishwe katika bwawa la kutulizia matope. Chembe ya mchanga yenye unene wa sehemu ya kumi ya milimita huzama mita moja kwa muda wa dakika mbili hivi. Chembe ndogo mara kumi kuliko hiyo huhitaji saa tatu au nne, na zile za udongo wa mfinyanzi huhitaji siku kadhaa. Ndiyo maana bwawa dogo ambalo maji hupita mbio hunasa mchanga tu, na weupe wote huenda mtoni. Afadhali mabwawa mawili yanayofuatana, na tope lizolewe kabla ya masika. Bwawa lililojaa tope ni bwawa la jina tu.

Sasa kuhusu haki. Wanachama wengi hudhani kwamba leseni ya uchimbaji hutoa pia ruhusa ya maji. Sivyo. Kile kilichoitwa haki ya maji chini ya sheria ya mwaka 1974, leo huitwa kibali cha kutumia maji chini ya Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009. Kibali hutolewa na Bodi ya Maji ya Bonde. Kwa Dar es Salaam ni Bonde la Wami/Ruvu. Chama kinachovuta maji ya mto au kisima kwa kuoshea kokoto sharti kikiombe. Kuyaachia maji machafu mtoni nako kuna kibali chake, mbali na kile cha kwanza. Ama kuhusu maji ya mvua yaliyokusanyika shimoni, ni vema yatumike kwanza kunyunyizia vumbi, na katibu aulize ofisi ya Bodi, kwa barua, iwapo kiasi kinachotumika chahitaji kibali.

Kibali nacho hakimpi mtu umiliki wa maji. Sheria hutanguliza matumizi ya nyumbani, kisha mahitaji ya mazingira, ndipo shughuli za uchumi. Ukame ukizidi, Bodi yaweza kupunguza kiasi kilichoruhusiwa. Tena, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto; mita hizo zipimwe kwa kamba, zisikisiwe kwa macho.

Katibu na aweke daftari moja: tarehe, kiasi cha mvua, saa za pampu, siku tope lilipozolewa, na jina la aliyekagua mtaro. Mkulima wa chini ya mkondo akija kulalamika kwamba mfereji wake umejaa tope jeupe, daftari hilo lifunguliwe mbele yake, kisha viongozi waende naye hadi kwenye mfereji siku iyo hiyo, kabla alama za maji hazijakauka.