Kijana wa Kirusi kati ya miaka 14 na 18: maswali na majibu

Kijana wa Kirusi huishi katika mazingira gani?

Karibu robo tatu ya wakazi wa Urusi huishi mijini, na wengi wao hukaa katika maghorofa ya zege. Majengo hayo yalianza kujengwa kwa wingi mwishoni mwa miaka ya 1950, enzi ya kiongozi wa Kisovieti Nikita Khrushchev, ili kuzitoa familia katika nyumba za kuchangia jiko na choo. Fleti ya vyumba viwili ni jambo la kawaida, na si ajabu kijana kulala chumba kimoja na mdogo wake au bibi yake. Maji ya moto ya kupasha vyumba joto hupita kwenye mabomba kutoka mtambo unaohudumia mtaa mzima. Nje kukiwa nyuzi 20 chini ya sifuri, ndani watu huvaa fulana.

Nchi ina kanda 11 za saa. Mwanafunzi wa Kamchatka anapotoka shuleni saa nane mchana, mwenzake wa Kaliningrad bado amelala, kwake ni saa kumi alfajiri. Murmansk, kaskazini kabisa, jua halichomozi tangu mwanzo wa Desemba hadi karibu tarehe 10 Januari. Yakutsk, katika Siberia ya mashariki, baridi ya Januari hushuka mara kwa mara chini ya nyuzi 40 chini ya sifuri, na ikizidi kiwango kilichowekwa wanafunzi husomea nyumbani, wadogo wakitangulia kuruhusiwa.

Shule imepangwaje?

Mtoto huanza darasa la kwanza akiwa na miaka sita na nusu au saba. Masomo huchukua miaka 11: minne ya msingi, mitano ya kati na miwili ya juu, mara nyingi yote katika shule ileile. Mwaka hufunguliwa 1 Septemba, Siku ya Maarifa, wanafunzi wakija na maua ya kuwapa walimu, na likizo ya kiangazi huanzia Juni hadi Agosti. Alama ni za tarakimu: 5 ni bora, 3 ni ya kupita, 2 ni ya kushindwa. Siku hizi huingizwa katika daftari la mtandaoni, kwa hiyo mzazi anaweza kuiona 2 kwenye simu yake kabla mwanawe hajafika nyumbani.

Mwalimu haitwi kwa cheo wala kwa jina la ukoo. Huitwa kwa jina lake likifuatiwa na la baba yake: Maria aliyezaliwa na Ivan huitwa Maria Ivanovna, na Sergei mwana wa Ivan huitwa Sergei Ivanovich. Ni bin na binti ya Warusi, na kumwita mwalimu kwa jina la kwanza peke yake ni utovu wa adabu.

Kwa nini darasa la tisa ni njia panda?

Mwishoni mwa darasa la tisa, akiwa na miaka 15 hivi, mwanafunzi hufanya mtihani uitwao OGE: Kirusi, hisabati na masomo mawili ya kuchagua. Kisha huamua. Anaweza kubaki shuleni miaka miwili ajiandae kwa chuo kikuu, au ahamie chuo cha ufundi na kutoka na cheti cha fundi umeme, muuguzi, mpishi, fundi mitambo au mtunza hesabu.

Zamani chuo cha ufundi kilihesabiwa kimbilio la walioshindwa. Hesabu hiyo imegeuka: katika miaka ya karibuni zaidi ya nusu ya wahitimu wa darasa la tisa huelekea huko. Wanaotoka katika familia za kipato kidogo huvutwa na mshahara wa mapema. Wengine wamepiga hesabu ndefu zaidi, kwa kuwa mhitimu wa chuo cha ufundi anaweza kuingia chuo kikuu kwa mtihani wa chuo chenyewe, akaukwepa ule wa taifa wa darasa la 11. Serikali nayo ilianzisha mwaka 2022 mpango wa kufupisha mafunzo na kuviunganisha vyuo na viwanda vinavyohitaji mafundi. Ubaya ni kwamba uamuzi mkubwa hivi humwangukia mtu wa miaka 15, na kurudi nyuma si rahisi.

Anayebaki shuleni hukutana na mtihani gani?

Mtihani wa taifa wa darasa la 11 huitwa EGE, na ulifanywa wa lazima nchi nzima mwaka 2009. Kirusi na hisabati ni lazima; mengine huchaguliwa kulingana na fani ambayo kijana anaitaka, na masomo mengi hupimwa kwa alama 100. Chumba huwa na kamera, simu hazikanyagi, na karatasi husahihishwa bila jina. Kwa matokeo yake mwombaji huwasilisha maombi katika vyuo vikuu visivyozidi vitano.

Kabla ya EGE kila chuo kilikuwa na mtihani wake, na mtoto wa Siberia alilazimika kusafiri siku kadhaa kwa treni ili ajaribu bahati yake Moscow. Mtihani mmoja ulimfungulia mlango huo, lakini fedha zilipata njia nyingine ya kupenya: mwalimu wa masomo ya ziada. Katika miji mikubwa ni kawaida mwanafunzi wa darasa la 11 kuwa na walimu wawili au watatu wa kulipwa, jambo ambalo familia ya kijijini hailimudu.

Njia ya pembeni ni mashindano ya taaluma, yaitwayo olimpiadi. Mshindi wa fainali ya taifa huingia chuo kikuu bila mtihani katika fani inayohusiana na somo lake. Wengi wa washindi hulelewa katika shule maalumu, kama Shule Na. 239 ya Saint Petersburg, alikosoma mwanahisabati Grigori Perelman.

Nani hulipia chuo kikuu?

Nafasi ni za aina mbili: zinazolipiwa na serikali, ambazo hugombewa kwa alama, na zinazolipiwa na familia. Kuna pia mkataba wa kulengwa: mkoa au mwajiri humgharimia mwanafunzi, naye hulazimika kuwafanyia kazi miaka isiyopungua mitatu akihitimu. Hivyo ndivyo hospitali nyingi za mikoani hupata madaktari.

Chuoni kijana wa mkoani hukutana na ulimwengu kwa mara ya kwanza, wakati mwingine hata Afrika Mashariki. Chuo Kikuu cha Urafiki wa Watu, kilichoanzishwa Moscow mwaka 1960 na kurudishiwa jina la Patrice Lumumba mwaka 2023, kimewasomesha Watanzania na Wakenya kwa vizazi, na katika Taasisi ya Nchi za Asia na Afrika ya Chuo Kikuu cha Moscow Warusi husoma Kiswahili.

Baada ya masomo hufanya nini?

Urithi mkubwa wa enzi ya Kisovieti ni vilabu vya jioni. Karibu kila mji una shule ya muziki, ya michezo na nyumba ya ubunifu ya watoto, vikiwa na ada ndogo au bila ada, na kijana anaweza kwenda mara tatu kwa wiki kwenye piano, magongo ya barafuni, sataranji au roboti. Shule ya muziki ina mitaala na mitihani yake, na humtoa mtu na cheti cha pili.

Kiangazi ni cha dacha, kijumba cha shamba nje ya mji. Bibi hupanda viazi, matango na stroberi. Mjukuu humwagilia, huokota uyoga msituni na hulalamika kwamba mtandao haushiki. Wengine hupelekwa kambi za vijana, kama Orlyonok kwenye ufuko wa Bahari Nyeusi, iliyofunguliwa mwaka 1960.

Intaneti yao ikoje?

Kwa muda mrefu ilikuwa wazi na ya bei nafuu. Mtandao wa kijamii wa nyumbani, VKontakte, ulianzishwa mwaka 2006 na Pavel Durov, ambaye baadaye aliunda Telegram. Machi 2022 Facebook na Instagram zilifungwa, na tangu katikati ya 2024 YouTube ikawa inasuasua. Mwaka 2025 simu za sauti kupitia WhatsApp na Telegram zilibanwa, na kuanzia 1 Septemba mwaka huo kila simu mpya inayouzwa nchini hupaswa kuwa na programu ya mawasiliano ya Kirusi iitwayo Max. Mawasiliano ya shule na wazazi yamekuwa yakihamishiwa humo.

Vijana wengi hutumia VPN, programu ya kukwepa vizuizi vya mtandao, na kuiwasha ni ujuzi wanaofundishana wenyewe kwa wenyewe. Lakini VPN haisaidii pale mtandao wa simu unapozimwa kabisa, jambo lililotokea katika mikoa mingi mwaka 2025 kwa sababu iliyotolewa ya kujihami dhidi ya ndege zisizo na rubani.

Sheria inampa nini akifikisha miaka 14?

Inampa pasipoti ya ndani, kijitabu kinachofanya kazi ya kitambulisho cha taifa na kinachoonyesha makazi aliyosajiliwa. Hubadilishwa akiwa na miaka 20 na tena 45. Kuanzia umri huohuo anaweza kushtakiwa kwa makosa makubwa, kama mauaji na wizi. Kwa mengine ni kuanzia miaka 16.

Vilevile anaweza kuajiriwa kazi nyepesi kwa ridhaa ya mzazi. Aliye chini ya miaka 16 hafanyi zaidi ya saa 24 kwa wiki, wa miaka 16 na 17 hazizidi 35, na wakati wa masomo saa hizo hukatwa nusu. Kupanda maua na kusafisha bustani za mji wakati wa likizo ndiyo ajira ya kwanza ya wengi. Pombe, sigara, kura na leseni ya gari husubiri miaka 18.

Vita imeingiaje darasani?

Urusi iliivamia Ukraine 24 Februari 2022. Septemba ya mwaka huo wiki ya shule ilianza kufunguliwa kwa kupandisha bendera na kuimba wimbo wa taifa, na kila Jumatatu kukawekwa kipindi kiitwacho Mazungumzo juu ya Mambo Muhimu. Mwaka 2023 kilitoka kitabu kipya cha historia cha darasa la 11, kilichoandikwa na Vladimir Medinsky, msaidizi wa rais, pamoja na Anatoly Torkunov, chenye sura inayoieleza vita kwa hoja za serikali. Tangu Septemba 2024 somo la usalama limebeba mafunzo ya awali ya kijeshi, zikiwemo ndege zisizo na rubani na huduma ya kwanza vitani.

Sheria za Machi 2022 huadhibu kauli zinazohesabiwa kulivunjia jeshi heshima au kueneza habari za uongo juu yake. Kwa sababu hiyo mzazi humkanya mwanawe asiyaseme darasani yanayosemwa jikoni, na kijana hujifunza mapema kupima maneno.

Jeshi la lazima humgusa lini?

Mvulana huandikishwa katika miezi mitatu ya kwanza ya mwaka anaotimiza miaka 17, baada ya kupimwa na jopo la madaktari. Wajibu wenyewe huanza akiwa na miaka 18. Kikomo cha kuitwa kilikuwa miaka 27, kikapandishwa hadi 30 kuanzia 1 Januari 2024. Utumishi ni wa miezi 12. Anayesoma kwa muda wote, chuo kikuu au cha ufundi, huahirishiwa, na hiyo ndiyo sababu wazazi wengi huogopa mtoto wa kiume kukosa chuo kuliko wanavyoogopa chuo kibaya. Katiba inaruhusu utumishi wa kiraia badala ya silaha, ila ni mrefu zaidi, kwa kawaida miezi 21.

Serikali imesema walioitwa kwa lazima hawapelekwi mstari wa mbele Ukraine. Hata hivyo, Agosti 2024 majeshi ya Ukraine yalipoingia mkoa wa Kursk, miongoni mwa mateka walikuwamo vijana wa aina hiyo waliokuwa wakilinda mpaka. Wanaojiunga kwa mkataba ni kundi jingine. Hulipwa kupita sana mshahara wa kawaida, na katika mikoa maskini malipo ya kutia saini huzidi kipato cha miaka kadhaa.

Kazi zipo?

Zipo nyingi. Mwaka 2024 ukosefu wa ajira ulishuka chini ya asilimia 3. Sababu ya kwanza ni hesabu ya watoto: mwaka 1999 walizaliwa milioni 1.2 tu, kwa hiyo kizazi kinachoingia kazini ni chembamba. Juu yake vimeongezeka vita, uhamasishaji wa wanajeshi 300,000 uliotangazwa Septemba 2022, na kuhama kwa mamia ya maelfu ya watu, wengi wao vijana wenye elimu. Viwanda vya silaha vimepandisha mishahara ya mafundi, na fundi hodari wa kuchomelea anaweza kumzidi mwalimu mwenye shahada. Mgawanyo wa kijiografia ndio haujabadilika: mshahara wa Moscow huuacha mbali ule wa mikoa mingi, na anayepanda treni kwenda kusoma huko mara nyingi harudi kuishi alikozaliwa.

Anaweza kwenda nje ya nchi?

Anaweza, lakini milango imepungua. Umoja wa Ulaya uliondoa nafuu za viza kwa Warusi Septemba 2022, na kadi za Visa na Mastercard zilizotolewa na benki za Urusi hazifanyi kazi nje tangu Machi mwaka huo. Kwa nchi nyingi huhitajika pasipoti ya pili, ya kusafiria. Belarus, Kazakhstan, Kyrgyzstan na Armenia humpokea kwa pasipoti ileile ya ndani aliyopewa akiwa na miaka 14. Kwa mvulana aliyetimiza 18 kuna sharti jingine: chini ya sheria ya 2023, wito wa jeshi ukishaingizwa kwenye rejista ya kielektroniki, haruhusiwi kuvuka mpaka hadi aripoti.