SOMO LA ROBO HII: AKIBA, UWEKEZAJI NA POINTI ZA SAFARI



Katika ziara zetu za maparokiani tumekuwa tukiulizwa maswali yanayofanana. Mstaafu aliyepokea kiinua mgongo anauliza akiweke wapi. Kikundi cha akina mama chenye akiba kwenye sanduku kinauliza kama ni vema kununua hisa. Nao marafiki zetu walio ng'ambo, ambao husafiri mara kwa mara kutembelea miradi, wanauliza kuhusu pointi wanazopewa na mashirika ya ndege na kampuni za kadi: je, zina faida ya kweli? Na tena, pointi hizo ni za nani?

Maswali haya yote yana mzizi mmoja, nao ni namna ya kuchagua kwa busara pale tunapoahidiwa faida. Tutayachukua hatua kwa hatua. Tunashauri somo hili lisomwe kwa sauti katika kikao na kujadiliwa.

1. Tuanze na msingi

Kabla ya kuwekeza, kila kaya ijiulize mambo mawili. La kwanza, je, tuna deni lenye riba kubwa? La pili, je, tuna akiba ya dharura?

Deni la riba kubwa ni kama mtungi uliotoboka: hata ukichota maji kutwa nzima haujai. Iko hesabu rahisi ya kutusaidia. Chukua namba 72, ugawe kwa kiwango cha riba cha mwaka. Jibu ni idadi ya miaka ambayo fedha itachukua kuongezeka maradufu. Kwa riba ya asilimia 6, fedha huongezeka maradufu kwa miaka 12 hivi. Kwa asilimia 12, ni miaka 6. Lakini hesabu hiyo hiyo hufanya kazi upande wa deni: mkopo wa riba ya asilimia 24 usiolipwa huwa maradufu kwa miaka 3 tu. Kwa hiyo mtu anayeacha deni la asilimia 24 na kuwekeza penye faida ya asilimia 12 anarudi nyuma huku akidhani anasonga mbele.

Akiba ya dharura ni matumizi ya miezi mitatu hadi sita, yakiwekwa mahali yanapoweza kupatikana haraka, kama benki au chama cha akiba na mikopo kilichosajiliwa. Mtu asiye na akiba hiyo hulazimika kuuza shamba au hisa kwa bei ya hasara siku mtoto anapougua.

2. Kibubu hakitoshi

Wengine husema, "Basi bora niweke fedha ndani." Kuweka ndani nako kuna hasara yake. Bei za vitu zikipanda kwa asilimia 5 kila mwaka, shilingi 1,000,000 iliyofichwa kwenye kibubu itakuwa na uwezo wa kununua vitu vya takriban shilingi 614,000 tu baada ya miaka 10. Noti hazikupungua hata moja, lakini thamani imekwenda. Hii ndiyo sababu ya kuwekeza: kuilinda thamani kwanza, na kuikuza baadaye.

3. Njia zinazofahamika

Hatifungani za serikali. Hapa mwananchi huikopesha serikali, nayo humlipa riba mara mbili kwa mwaka na kurudisha fedha yake muda ukiisha. Nchini Tanzania Benki Kuu huziuza kwa mnada, na kiwango cha chini cha kushiriki ni shilingi 1,000,000. Muda wake ni kuanzia miaka 2, na tangu mwaka 2021 zipo hata za miaka 25. Kwa mfano, hatifungani ya shilingi 1,000,000 yenye riba ya asilimia 12 humpa mwenye nayo shilingi 60,000 kila baada ya miezi sita. Anayehitaji fedha kabla ya muda anaweza kuiuza katika soko la hisa, ila kwa bei ya siku hiyo, ambayo huenda ikawa chini ya aliyonunulia. Nchini Kenya, mwaka 2017 serikali ilitoa hatifungani ya M-Akiba iliyonunuliwa kwa simu kuanzia shilingi 3,000 za Kenya. Ilionyesha kwamba hata mtu wa kipato kidogo anaweza kuikopesha serikali yake.

Mifuko ya pamoja. Hapa watu wengi huchanga, na wataalamu huwekeza kwa niaba yao katika hisa na hatifungani mbalimbali. Tanzania ilianzisha Dhamana ya Uwekezaji, UTT, mwaka 2003, na mfuko wake wa kwanza, Mfuko wa Umoja, ulifunguliwa mwaka 2005. Mwanachama hununua vipande, na thamani ya vipande huweza kupanda au kushuka. Faida yake kubwa ni kwamba mayai hayawekwi katika kikapu kimoja.

Hisa. Soko la Hisa la Dar es Salaam lilianza kuuza na kununua hisa mwaka 1998. Lile la Nairobi ni la tangu mwaka 1954. Mwenye hisa ni mmiliki wa sehemu ya kampuni: ikipata faida anaweza kupewa gawio, ikipata hasara naye anaumia.

Kuna funzo kubwa katika hisa za Safaricom. Mwaka 2008 ziliuzwa kwa umma kwa shilingi 5 za Kenya kila moja. Watu walipanga foleni, na wengi walikopa benki ili wanunue. Maombi yalizidi hisa zilizokuwapo, kwa hiyo waombaji walipata sehemu tu ya walizoomba. Muda si mrefu bei ilishuka chini ya shilingi 5, ikakaa huko miaka kadhaa. Aliyenunua kwa mkopo alikuwa analipa riba kwa kitu kilichopungua thamani, na wengi wa namna hiyo waliuza kwa hasara. Aliyenunua kwa fedha ambayo hakuihitaji upesi alisubiri, na mwaka 2021 aliiona hisa hiyo hiyo ikipita shilingi 40. Kampuni ni moja na bei ya kununulia ni moja. Kilichowatofautisha ni fedha waliyoitumia na subira waliyokuwa nayo. Ila tusikosee: si kila hisa iliyoshuka hupanda tena.

4. Ahadi ya kupanda na kuvuna

Sasa tuseme wazi jambo linalozigusa jumuiya zetu. Mwaka 2009 serikali ya Tanzania ilisimamisha shughuli za DECI, mpango uliowaalika watu "kupanda" fedha na "kuvuna" nyingi zaidi baada ya muda mfupi. Viongozi wake walikuwa wachungaji, na mwaka 2013 mahakama iliwatia hatiani baadhi yao. Maelfu ya watu walikuwa wameweka humo ada za watoto na mitaji yao.

Mpango wa namna hii hauna shamba, duka wala kiwanda. Wa mwanzo hulipwa kwa fedha za wa mwisho. Tufanye hesabu. Ikiwa kila mtu anatakiwa kuleta watu 6, ngazi ya pili ina watu 36, ya tatu 216, ya tano 7,776. Ngazi ya kumi pekee inahitaji watu 60,466,176, yaani karibu Watanzania wote waliohesabiwa katika sensa ya mwaka 2022, tukijumlisha na watoto wachanga. Kwa hiyo lazima uanguke, hata kama mwanzilishi angekuwa malaika.

Mtu akija na ahadi ya faida, kamati imwulize maswali manne: Fedha inafanya kazi gani hasa? Ni chombo gani cha serikali kilichokusajili na kukupa leseni? Naweza kutoa fedha yangu lini, na kwa gharama gani? Nikipata hasara, ni kiasi gani? Anayekasirika kwa kuulizwa amekwisha jibu. Na kujuana kanisani kusichukue nafasi ya leseni.

5. Pointi za safari

Mwaka 1981 shirika la American Airlines la Marekani lilianzisha mpango wa kuwazawadia wasafiri wake wa mara kwa mara, na mashirika mengine yakafuata. Msafiri hukusanya maili au pointi, kisha hubadilisha kwa tiketi. Baadaye kampuni za kadi za mkopo nazo zikaanza kutoa pointi kwa kila ununuzi.

Je, zina faida? Ndiyo, kwa anayelipa deni lote la kadi kila mwezi na kununua tu kile ambacho angekinunua hata bila pointi. Kwa asiyelipa, tuone. Tuseme rafiki yetu amenunua tiketi ya dola 1,000 kwa kadi inayotoa pointi moja kwa kila dola, na kila pointi ina thamani ya senti moja. Amepata zawadi ya dola 10. Asipolipa, na riba ikiwa asilimia 24 kwa mwaka, mwezi wa kwanza tu atadaiwa riba ya dola 20 hivi. Zawadi imeliwa mara mbili kabla hata hajapanda ndege.

Tena, pointi si akiba. Hazizai riba, mara nyingi zina tarehe ya mwisho, na kampuni inaweza kupandisha idadi ya pointi zinazohitajika kwa tiketi moja. Kwa hiyo zitumike mapema. Aliyepanga kusafiri kwenda hija Namugongo tarehe 3 Juni aweke nauli yake kidogo kidogo kila mwezi. Pointi zikipatikana, ziwe nyongeza.

6. Pointi ni za nani?

Hapa pana jambo la uaminifu. Mjumbe akisafiri kwa fedha ya mradi, pointi huandikwa kwa jina lake binafsi, ingawa nauli ilitoka kwa wafadhili. Nchini Ujerumani mwaka 2002, mwanasiasa Gregor Gysi alijiuzulu nafasi ya waziri wa uchumi katika serikali ya jimbo la Berlin baada ya kubainika kwamba alitumia kwa safari binafsi maili alizopata katika safari za kibunge. Marekani ilichukua njia nyingine: sheria ya mwishoni mwa mwaka 2001 iliwaruhusu watumishi wa serikali kuu kubaki na maili zao.

Nchi mbili ziliamua tofauti, na hilo linatufundisha kwamba kanuni iandikwe kabla ya safari, si baada ya manung'uniko. Sisi tunapendekeza hivi: tiketi ichaguliwe kwa bei na ratiba, kamwe si kwa pointi, mjumbe aripoti pointi alizopata pamoja na risiti zake, na pointi za safari za mradi zipunguze nauli ya safari ijayo ya mradi. Dola mia moja iliyookolewa kwenye nauli ni mifuko ya saruji kwenye tangi la maji.

Maswali ya kujadili

1. Katika jumuiya yetu, ni familia ngapi zina akiba ya miezi mitatu? Kinachozuia ni nini?
2. Akiba ya kikundi chetu iko wapi, na mwaka huu imeshinda kupanda kwa bei?
3. Kikundi chetu kimesajiliwa? Cheti kiko kwa nani?
4. Nani hukagua mialiko ya uwekezaji inayotangazwa baada ya ibada?
5. Kanuni yetu ya safari inasema nini kuhusu pointi na masurufu?

Mweka hazina aandike majibu katika daftari la kikao, na kamati iyapitie tena baada ya miezi mitatu. Haba na haba hujaza kibaba, mradi kibaba chenyewe hakivuji.