Joka Lisivae Kila Kitu: Somo Nililolipata Geto, Nkuhungu

Naomba niwape somo ambalo halimo kwenye mtaala wa kozi yoyote hapa chuoni. Ada yake nimeilipa mwenyewe, kwa aibu.

Kila Jumamosi jioni, tangu mwaka wa kwanza, watu watano tunakutana geto kwangu, Nkuhungu. Tunakaa mkekani, katikati kuna karatasi, penseli, dadu na sahani moja ya chipsi. Upepo wa Dodoma ukileta vumbi tunafunga dirisha. Umeme ukikatika tunawasha tochi za simu. Mchezo hausimami.

Mchezo wenyewe unaitwa Dungeons & Dragons. Ulitoka Marekani mwaka 1974, kazi ya Gary Gygax na Dave Arneson. Hauko kama drafti au bao, kwamba mmoja anamfunga mwenzake. Mtu mmoja anakuwa mwendeshaji: anasimulia ulimwengu na kucheza upande wa maadui. Wengine kila mmoja ana mhusika wake. Ukitaka kufanya jambo gumu unarusha dadu yenye pande 20, unajumlisha uwezo wa mhusika wako, na jumla ikifikia namba inayotakiwa umefaulu. Mengine yote ni hadithi.

Mimi ndiye mwendeshaji. Na mwaka huu wawili kati yetu wanamaliza chuo, kwa hiyo pambano la mwisho na joka jekundu lilikuwa pia kwaheri yetu. Niliogopa lisije likawa jepesi. Hofu hiyo ndiyo iliyoniponza.

Kwa nini joka livae vitu

Swali la kwanza linaloulizwa na mchezaji yeyote mwenye akili ni hili: joka lina rundo la hazina, na ndani yake mna pete, majoho na fimbo za uchawi. Ni kiumbe chenye akili kuliko wengi wetu. Kwa nini linalalia silaha zake halizitumii? Ni kama mtu mwenye mwavuli aliyeamua kuloa. Kwa hiyo wazo la kulivisha joka vifaa ni zuri kabisa. Tena linaondoa ule uongo wa hazina iliyowekwa pale kuwasubiri mashujaa tu.

Tatizo ni namna ya kulivisha. Usiku ule nilifungua kitabu cha kanuni, nikachagua kama mtu aliyepata bumu leo na yuko dukani. Nikachukua pete ya ulinzi, inayoongeza kinga kwa 1. Nikachukua bangili za ulinzi, zinazoongeza 2. Nikamalizia na joho la kupotosha macho: anayekushambulia analazimika kurusha dadu mara mbili na kuchukua namba ndogo. Kanuni za toleo la tano, lililotoka 2014, zinamruhusu kila kiumbe kufungamana na vifaa vitatu tu vya aina hii. Vyangu vilikuwa vitatu. Kisheria sikuwa na kosa.

Hesabu niliyopaswa kuifanya kabla

Wenzangu walikuwa na wahusika wanne wa ngazi ya 12, na mpiganaji wao wa kawaida alikuwa anaongeza 9 kwenye dadu. Joka jekundu lililokomaa lina kinga 19 na uhai 256. Bila kifaa chochote, mpiganaji anahitaji dadu ionyeshe 10 au zaidi. Hiyo ni nafasi ya asilimia 55.

Pete na bangili zikapandisha kinga hadi 22. Sasa anahitaji 13 au zaidi: asilimia 40. Weka na joho. Dadu zote mbili lazima zifaulu, kwa hiyo unazidisha 0.40 kwa 0.40. Asilimia 16.

Tuseme kila pigo linaondoa uhai 16. Yanatakiwa mapigo 16 yaliyofika. Kwa asilimia 55 wanahitaji kushambulia kama mara 29. Kwa asilimia 40, mara 40. Kwa asilimia 16, mara 100. Ni kweli joho linazimika joka likishapigwa, mpaka zamu yake inayofuata ianze, kwa hiyo hali halisi haifiki 100. Lakini umeona mwelekeo. Na kila raundi inayoongezeka, joka linaweza kutema moto tena: kwa wastani uhai 63 unaondoka kwa yeyote aliyeshindwa kukwepa.

Kumbuka pia kwamba joka hili, kabla halijavaa chochote, lina hatua za ziada katikati ya zamu za wengine, na mara tatu kwa siku linaweza kuamua tu kwamba uchawi uliolipata haujalipata. Kanuni zimeshalifidia kwa kuwa peke yake. Mimi nikalifidia mara ya pili.

Saa nne usiku wahusika wote wanne walikuwa wamekufa. Hakuna aliyecheka. Mmoja alikuwa akihesabu raundi ambazo hakupiga hata mara moja: tano.

Swali la pete

Lakini kilichoniumiza hakikuwa kipigo. Kuna mwenzetu anayesoma uuguzi, nitamwita kwa jina la mhusika wake, Mlinda Lango. Mwaka jana wakati wa UE alifiwa na babu yake, na kwa sababu ya ratiba ya mitihani hakuwahi mazishi. Wiki mbili baadaye alikuja mchezoni akaniomba aongeze jambo kwenye hadithi ya mhusika wake: kwamba joka liliunguza mji wao, likamuua babu yake, likachukua pete yake. Nikasema sawa, nikaandika kwenye daftari, nikaendelea.

Usiku ule, karatasi yake ya mhusika ikiwa imeshakunjwa, akaniuliza taratibu: "Kaka, ile pete ya babu ilikuwa wapi?"

Nilikuwa nimeisahau. Joka langu lilikuwa limevaa pete, tena pete ya ulinzi, lakini ilikuwa pete ya kitabuni. Ingetosha niseme sentensi moja tu. Akachukua kandambili zake akaaga. Jumamosi iliyofuata hakuja.

Waliotutangulia walifanyaje

Wiki ile nilifanya msuli kuliko wa mitihani. Nilirudi kwenye hadithi za zamani kuona wenzetu waliwavisha vipi viumbe wasioshindika.

Kwenye hadithi za kale za watu wa Iceland kuna joka Fafnir. Lilikuwa na kofia ya kutisha, kila aliyeiona aliingiwa na hofu. Kijana Sigurd hakushindana na kofia. Alichimba shimo kwenye njia ambayo joka hupita kwenda kunywa maji, akajificha humo, akalichoma kwa chini. Alipoingia kwenye hazina alitoka na kofia ile ile.

Kwenye *The Hobbit*, kitabu cha J. R. R. Tolkien cha mwaka 1937, joka Smaug limelalia vito miaka mingi hadi vimegandamana tumboni kuwa vazi la kivita. Hazina yenyewe imekuwa kinga. Lakini upande wa kushoto wa kifua pana sehemu tupu. Mdogo mmoja mwenye maneno matamu akalisifu joka mpaka likajigeuza kujionyesha, akapaona.

Na kwetu hapa pwani tunaye Fumo Liyongo. Si joka, ni shujaa, lakini somo ni lile lile. Hakuna silaha iliyomdhuru isipokuwa sindano ya shaba kitovuni. Siri hiyo haikuvunjwa kwa nguvu. Ilitoka kwa mwanawe mwenyewe, aliyeahidiwa kuozwa binti wa mfalme wa Pate.

Tazama wote watatu. Kinga ni kubwa sana, lakini pana tundu. Tundu linajulikana kwa kuchunguza, kusikiliza au kusaliti, kabla ya upanga kutoka alani. Na kifaa kina historia ya mtu fulani. Joka langu halikuwa na hata kimoja.

Kanuni zetu za geto

Kutokana na hapo nikaandika kanuni nne. Zichukue, zirekebishe, zitumie.

Kwanza, chagua kutoka daftari la wachezaji kabla ya kufungua kitabu. Joka limemnyang'anya nani, nini? Ukishapata jibu, ndipo utafute namba za kukipa kifaa hicho.

Pili, visizidi viwili, na kimoja tu kiguse kinga. Kingine kibadilishe kile joka linachoweza kufanya. Namba kubwa humchosha mchezaji; kitendo kipya humfikirisha.

Tatu, wachezaji wakijue mapema. Asikike sonara aliyewahi kukitengeneza, ionekane alama kwenye mwamba, mchunga mbuzi asimulie alichokiona. Kifaa ambacho hakuna aliyekisikia ni ajali, si changamoto.

Nne, kiweze kuondolewa. Geto kwetu, anayelenga kifaa chenyewe anashambulia kana kwamba kinga imepanda kwa 5. Ni vigumu, lakini anajua anachokitafuta.

Jumamosi ya pili

Nilimfuata Mlinda Lango kwenye kibanda cha matunda karibu na kituo cha daladala, nikamwomba radhi. Sikujitetea kwa kanuni ya vifaa vitatu. Akanisikiliza, akanunua ndizi mbili, akanipa moja. Akasema atakuja.

Tulikubaliana kwamba kilichotokea kilikuwa ndoto ya mtabiri, onyo la yatakayotokea wakienda bila maandalizi. Safari hii joka lilikuwa na vitu viwili. Cha kwanza, siwa ya mji, ile baragumu kubwa inayopigwa kwenye sherehe za watawala, kama zilivyo siwa za Pate na Lamu. Nilitumia namba za baragumu la mshindo lililomo kitabuni: kila ukilipuliza kuna nafasi ya asilimia 20 lipasuke na kumuunguza mpulizaji. Lakini joka jekundu halidhuriki na moto, kwa hiyo halikuwa na sababu ya kuogopa. Wa kuogopa walikuwa wenye mji, kwamba urithi wao utavunjika. Hapo kifaa kimefanya kazi mbili kwa bei ya kimoja.

Cha pili, pete ya babu, kwenye ukucha wa mguu wa kushoto. Kinga 20. Mpiganaji sasa ana asilimia 50. Kuilenga pete yenyewe ni 25, yaani dadu ionyeshe 16 au zaidi: asilimia 25.

Walipigana raundi sita. Wawili walianguka, mmoja akainuliwa. Siwa haikupasuka, ingawa kila nilipoirushia dadu chumba kizima kilinyamaza. Raundi ya nne Mlinda Lango, ambaye angeweza kupiga kifua, akasema analenga ukucha. Wenzake wakamwambia atapoteza zamu. Akasema anajua. Dadu ikaonyesha 17.

Nilisimulia pete ikibingirika juu ya mawe. Hakuipeleka kidoleni. Alisema mhusika wake anaifunga kwenye kanga, anairudisha mjini akaizike pale babu alipozikwa. Halafu akaomba kupumzika zamu moja, akatoka nje kidogo. Tulimsubiri. Aliporudi akauliza joka limebakiza uhai kiasi gani, tukaendelea.

Kwa hiyo, mwendeshaji mwenzangu, kabla hujapanga pambano lijalo fanya zoezi hili dogo: chukua daftari lako, tafuta kitu kimoja ambacho mchezaji wako aliwahi kukuambia kimepotea. Lipe joka. Kisha piga hesabu ya asilimia kabla watu hawajafika, na hakikisha dirisha limefungwa, maana vumbi la Nkuhungu halina raundi ya kupumzika.