Kuvuka Likoni Ukitokea Shika Adabu

Umehamia Shika Adabu, kazi umeipata kisiwani Mombasa, na kesho ndiyo siku ya kwanza. Utoke nyumbani saa ngapi? Toka mapema kuliko unavyodhani. Mkondo wa Kilindini pale kivukoni ni kama nusu kilomita tu, na feri ikishang'oa huuvuka kwa dakika chache. Muda unaolika ni ule wa kungoja, hasa kuanzia saa kumi na mbili hadi saa tatu asubuhi, na tena jioni watu wakirudi.

Matatu utaipata kwenye barabara kuu itokayo Lunga Lunga na Ukunda. Mwambie konda unashukia feri, na uulize nauli kabla hujapanda, maana mvua ikinyesha nauli haikai mahali pamoja. Matatu nyingi mwisho wake ni hapo, hazivuki. Utavuka kwa miguu na kupanda nyingine upande wa pili.

Mtu wa miguu hulipa ngapi? Halipi kitu. Anayekudai pesa ya kukuvusha, mpite. Fuata umati hadi sehemu ya kungojea, na uwe tayari mzigo wako kukaguliwa. Ukikuta lango limefungwa, usiruke wala usisukume. MV Kwale na MV Likoni, zilizoanza kazi mwaka 2010, zimeundwa kubeba watu wapatao 1,500 kila moja, na magari kama 60. Lango ndilo linalolinda hesabu hiyo. Watu wazima wa Mtongwe, hapo jirani yetu, hawajaisahau tarehe 29 Aprili 1994, feri iliyojaa kupita kiasi ilipopinduka wakafa watu 272. Ukishapanda, tazama maboya ya kujiokolea yamewekwa wapi, kisha usogee ndani. Wengi hubanana mlangoni ili wawe wa kwanza kushuka, na mimi sijaona bado walichochuma.

Mwenye gari yeye hulipa kibandani kabla ya kuteremka, na kiwango hufuata ukubwa wa chombo: pikipiki kidogo, gari dogo zaidi, lori zaidi ya hapo. Weka salio kwenye M-Pesa, usitegemee noti peke yake. Kabla ya mteremko jaribu breki zako, maana malori yamewahi kuishia baharini hapo. Ingia kwa gia ndogo, simama unapoelekezwa na mfanyakazi wa feri, zima injini, acha gari kwenye gia, vuta breki ya mkono, kisha shuka na abiria wako msimame nje. Usione ni usumbufu. Tarehe 29 Septemba 2019 gari lilirudi nyuma kutoka MV Harambee likaanguka majini likiwa na mama na mwanawe, na wapiga mbizi walihangaika karibu wiki mbili kabla ya kulitoa.

Kwa nini basi siku nyingine foleni haisongi na feri unaiona? Kuna sababu mbili tatu. Feri hukata njia ile ile inayopitwa na meli za bandari. Meli kubwa haiwezi kusimama ghafla wala kukwepa, kwa hiyo ikiingia au ikitoka Kilindini, feri hungoja ipite. Sababu ya pili ni maji. Feri haina mbele wala nyuma. Kila ncha ina rampu, yaani mlango mpana wa chuma unaolazwa nchi kavu ili magari yapite. Wakati wa bamvua, mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, maji hupwa sana, mnamo saa nne asubuhi na saa nne usiku. Tofauti ya maji kujaa na kupwa siku hizo hufika mita 3 na zaidi, rampu inalala kwa mteremko mkali, na gari refu au lenye tumbo la chini huparuza. Basi ukiwa na gari la aina hiyo, uliza wavuvi bamvua ni lini, uvuke mapema au ungoje maji yarudi. Siku za maji mafu, yasipopwa sana, hutaona shida hiyo.

Tena feri nazo huchoka. MV Nyayo na MV Harambee zilianza kazi mwaka 1990, na kila feri, hata MV Jambo iliyokuja 2017, lazima ipelekwe gudini, pale chombo kinapotolewa majini kikwanguliwe, kichomelewe na kupakwa rangi. Ikiwa gudini, zilizobaki hubeba mzigo wake, nawe unalipa kwa kungoja. Usiku feri huendelea kufanya kazi, ila zinakuwa chache. Ukiwa peke yako, simama penye taa na watu.

Mwenye gari anayekwenda Changamwe, Miritini au njia ya Nairobi hana haja ya feri. Barabara ya Dongo Kundu imefunguliwa hadi upande wetu tangu 2024. Kutoka Shika Adabu elekea Ukunda, na ukifika Kibundani kata kulia. Utavuka maji kwa madaraja ya Mteza na Mwache. Ila kama safari yako ni ya mjini Posta, njia hiyo itakuzungusha mbali, na petroli utakayochoma itaipita pesa ya feri.