Nguzo, Mchwa na Moshi wa Jikoni



Hapa Iguhu tunakata blugamu leo, tunapaka oili chafu leo leo, halafu tunashangaa mchwa wameingia. Jamani, mti mbichi umejaa maji, dawa itapita wapi? Tena oili si dawa. Toeni maganda, mwanike nguzo mpaka zikauke kabisa, ndipo mzisimamishe ndani ya pipa la dawa ya mbao, upande wa kuzikwa ukiwa chini. Pale nguzo inapotokea udongoni ndipo huoza kwanza.

Nguzo nyingi za stima, zile za rangi ya kijani, husukumiwa dawa na mashine. Mna shaba, kromiamu na aseniki. Kina mama, vipande vyake visiwe kuni! Aseniki haiishi motoni: hutoka na moshi, nyingine hubaki jivuni. Jivu hilo msilimwage kwenye mboga.