Kukagua, Kufuatilia na Kudhibiti: Lugha ya Ubora Viwandani Kitengela na Kajiado

Ikisiri

Makala haya yanachunguza vitenzi vitatu vinavyotumiwa kuzungumzia ubora wa bidhaa, kwa kurejelea uzalishaji wa saruji. Yanadai kuwa kuweka 'ukaguzi' mahali pa 'udhibiti' ni kosa la maana wala si suala la mtindo tu, na kwamba Kiswahili tayari kina nyenzo za kueleza usimamizi wa mchakato wa viwandani kwa data za papo kwa papo.

Utangulizi

Mji wa Kitengela, katika Kaunti ya Kajiado, umepakana na Athi River, mojawapo ya vitovu vya viwanda vya saruji nchini Kenya. Huko ndiko kiliko kiwanda cha East African Portland Cement, kampuni iliyoundwa mwaka 1933. Kajiado nayo ina machimbo ya mawe ya chokaa, ambayo ndiyo malighafi kuu ya saruji. Katika viwanda vya aina hii, Kiswahili husikika sana miongoni mwa wafanyakazi, ilhali skrini na vitabu vya maelekezo aghalabu huwa kwa Kiingereza. Anayesimama katikati ya lugha hizo mbili anahitaji istilahi zisizompotosha.

Mchakato wenyewe

Mawe ya chokaa husagwa pamoja na udongo na madini ya chuma, kisha mchanganyiko huo huchomwa katika tanuri linalozunguka hadi kufikia nyuzi 1450 za selsiasi hivi. Zao lake ni klinka, ambayo husagwa pamoja na jasi na kuwa saruji. Tatizo ni kuwa mawe hayafanani. Chokaa ikizidi, sehemu yake hubaki bila kuungana na madini mengine, na baadaye huweza kuvimba na kuipasua saruji iliyokwisha kukauka. Ikipungua mno, saruji hukosa nguvu.

Vipo vipimo vya mapema, lakini daraja la saruji, kama vile 32.5 au 42.5, huthibitishwa kwa kupima nguvu yake baada ya siku 28. Kufikia siku hiyo, huenda mifuko imekwisha kuuzwa na kuta zimesimama. Kwa hiyo, kiwanda hakiwezi kutegemea kipimo cha mwisho pekee. Vihisi hupima joto na shinikizo mfululizo, na katika baadhi ya viwanda, vichanganuzi vilivyowekwa kwenye mkanda wa kusafirishia mawe husoma kemia yake yakiwa njiani. Kipimo kikianza kuelekea pabaya, uwiano wa malighafi hurekebishwa kabla ya hasara kutokea.

Wazo la msingi ni la Walter Shewhart wa Marekani, aliyebuni chati ya udhibiti mwaka 1924. Chati hiyo ina mstari wa wastani na mipaka miwili, kwa kawaida mikengeuko sanifu mitatu juu na chini yake. Humsaidia msimamizi kutofautisha mabadiliko ya kawaida na dalili ya kasoro.

Uchanganuzi wa vitenzi

'Kagua' huhitaji kitu kilichopo tayari: mkaguzi hutazama, kisha hukubali au hukataa. 'Fuatilia' hutokana na 'fuata', na umbo lake lina kauli ya kutendea iliyorudiwa: fuata, fuatia, fuatilia. Urudiaji huo huleta dhana ya kushikamana na jambo bila kuliacha, kama katika 'shikilia'. 'Dhibiti' huongeza mamlaka ya kuzuia na kurekebisha. Hivyo, kukagua ni kutoa hukumu, kufuatilia ni kuwa macho, na kudhibiti ni kuingilia kati.

Kuhusu data zenyewe, baadhi ya watafsiri hutumia 'wakati halisi'. Istilahi hiyo humfanya msomaji ajiulize wakati usio halisi ni upi. 'Papo kwa papo' inafaa zaidi. Kiambishi 'pa-' huonyesha mahali mahususi, na katika semi kama 'papo hapo' maana hiyo hupanuka na kuhusisha wakati. Data hizi ni za namna hiyo hasa: hupatikana pale pale kazi inapofanyika, na wakati ule ule.

Falsafa hii si ngeni kwetu. Methali 'Samaki mkunje angali mbichi' inahimiza udhibiti wa mchakato, nayo 'Maji yakimwagika hayazoleki' inaonya dhidi ya kungojea ukaguzi wa mwisho.

Hitimisho

Makala haya yanapendekeza 'ufuatiliaji na udhibiti wa ubora kwa data za papo kwa papo', na 'ukaguzi' ubakie kwa bidhaa iliyokamilika. Aidha, yanawahimiza wanafunzi na wahadhiri kukusanya msamiati wa wafanyakazi wa viwandani kabla ya kuunda istilahi mpya. Mfanyakazi akielewa kuwa kazi yake ni kukagua, atangoja bidhaa itoke. Akielewa kuwa ni kudhibiti, atatenda mapema, na aliyejenga kwa saruji hiyo atalala salama.